Misumeno ya Isabela

Isabela alikuwa fundi cherehani pale Newala mjini, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Alizaliwa Chiwata, huko chini Masasi, katika familia ya Kianglikana ya tangu enzi za wamisionari: babu katekista, baba mwalimu, nyumba imejaa nyimbo na watoto. Alipanda Newala akiwa msichana ili ajifunze ushonaji kwa mama yake mdogo. Mama mdogo alipofariki, Isabela akarithi cherehani, chumba cha duka na wateja wenye maneno mengi. Hakuolewa. Wachumba walikuja, mmoja alimwona anacheka sana, mwingine akamwona anacheka kidogo, na yeye mwenyewe hakuona sababu ya kujirekebisha kwa ajili ya yeyote kati yao. Basi watu wakaacha kuuliza, naye akaendelea kushona sare za kwaya, magauni ya maharusi na suruali za walimu, akakaribia miaka hamsini bila kumshangaza mtu.

Halafu akanunua laptopu.

Alitaka kuona mitindo ya vitenge, basi. Wateja walikuwa wakimletea picha kwenye simu zilizopasuka vioo, picha yenyewe ndogo kama kucha, halafu wanataka mikono ya gauni ifanane kabisa. Akashuka Masasi kwa Walter, fundi wa redio, simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Walter alikuwa mgane. Alikuwa na binti mmoja, Dorothy, aliyekuwa akisomea uuguzi Mtwara, na kwa hiyo Masasi nzima ilimwita Baba Dorothy. Alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umguse pale anapopenda. Alimchagulia laptopu iliyotumika lakini nzima, akaifuta vumbi, akamkabidhi.

"Nimekuwekea na mchezo mmoja ndani, dada," akasema. "Ukichoka kushona."

"Mchezo? Kwani mimi mtoto?"

"Huu hata watu wazima unawatoa jasho."

Isabela hakuugusa kwa wiki nyingi. Kisha ikaja siku ya mvua kubwa, ile mvua ya Newala inayofunga mji mzima. Hakuna mteja, hakuna wa kupiga naye soga, mitindo yote ameshaitazama. Akaufungua.

Skrini ikamwonyesha mlima, unauona kutoka juu. Chini ya mlima walisimama watu wafupi wenye ndevu hadi magotini, wanaume kwa wanawake, na mkokoteni wao. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini kile alichokibakiza kutoka shule kilitosha. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Wafupi walisimama tu wanamsubiri. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na mmoja wao akachukua sururu na kuanza kuchimba mlima. Isabela akapiga ukelele mdogo.

Mvua ilipokatika hakuwa na habari. Alikuwa ameshachimba ukumbi, ghala na vyumba vya kulala. Wafupi wale walilima, walipika, walichonga mawe, walilalamika vitanda vikikosekana, na kama hawana pombe kazi ilidorora. Majina yao yalikuwa marefu yasiyotamkika, kwa hiyo aliwapa ya kwetu. Mpika pombe akawa Babu Uraka, kwa heshima ya uraka wetu, ile pombe ya mabibo ya mkorosho. Kijana fundi wa mawe, mpole, mwenye kupenda paka, akawa Nikolao. Wiki mbili nzima nguo za watu zilichelewa, na mwenye nguo alipokuja kulalamika aliambiwa, "Samahani, mama, watu wangu walikuwa hawana vitanda."

Ndipo mazimwi yalipokuja.

Yalitokea pembeni mwa picha, ya kijani, mengi kama siafu, na mlango wa ngome ulikuwa wazi. Isabela hakuwahi kufikiri kwamba kuna atakayewajia kwa nia mbaya watu wapole namna ile. Mambo yakaisha haraka. Alibaki ameshika kichwa, akatazama ukumbi wake mtupu, kisha akafunga duka. Kesho yake asubuhi alikuwa Masasi, amesimama mlangoni kwa Walter na mkoba begani.

"Baba Dorothy, umeniuzia kompyuta yenye mazimwi!"

Wateja waliokuwemo kibandani waligeuka.

"Yameshafika?" Walter akauliza, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyesikia jina la kijiji chake likitajwa redioni.

"Yamefika, yameua, yameondoka! Babu Uraka yamemkuta penye pipa lake. Nikolao, kijana wa watu, yamemfuata hadi kitandani!"

"Pole sana, dada. Na mitego ulitega?"

"Mitego gani?"

Walter akaweka chini simu aliyokuwa akiitengeneza. Akavuta kipande cha boksi, akatoa kalamu sikioni, na yule mtu wa maneno machache akaanza kusema kama bomba lililofunguliwa. Kwanza, alieleza, unamwambia fundi wako achonge mtambo wa jiwe, magurudumu yenye meno yanayosukumana. Huo ndio moyo wa mtego. Kisha unaupachikia silaha. Si panga la askari. Hizi ni silaha za mtego, kubwa mno kwa mkono wa mtu: msumeno wa duara, bapa la shoka pana kama mlango, tufe la chuma lenye miiba, mwiba mnene kama mchi, hata skrubu kubwa ya kutoboa. Unautega njiani, tena njia nyembamba ili pasiwe na pa kukwepea. Zimwi likikanyaga, mtambo unafyatuka.

"Na watu wangu wakikanyaga?"

"Wao wanajua ulipo. Wanapita juu yake kama wanakwenda sokoni. Labda mtu azimie pale pale."

"Mtego mmoja unabeba silaha ngapi?"

"Hata kumi."

Isabela akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kumi," akasema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

Alikuwa amekuja kugomba. Alikaa mpaka chakula cha mchana, wakala wali na mbaazi kwa mama ntilie wa jirani, huku lile boksi limelala kati ya sahani, na wakabishana kama msumeno ni bora kuliko tufe la miiba. Walter alisema kwa upande wake hapendi kukata. Yeye anapenda vizimba, mtego wa kumnasa adui mzima mzima, hajachubuka.

"Nimfanyie nini akiwa mzima?" Isabela akauliza. "Mimi sifugi mazimwi."

Akapanda gari la kurudi Newala akiwa amelishika lile boksi kifuani, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake hadi abiria mwenzake akasogea kidogo.

Ngome ya pili aliijenga kwa akili nyingine. Alichimba njia moja tu ya kuingilia, ndefu na nyembamba, yenye kona. Fundi mitambo wake mpya alimwita Nikolao wa Pili. Kwa kuwa mbao zilikuwepo, alianza na misumeno ya mbao. Akaitega, akasubiri, akashona nguo akiwa ameelekeza jicho moja kwenye skrini. Kikaja kikundi kidogo cha mazimwi wezi. Msumeno ulifyatuka, ukamkwangua wa kwanza begani, ukamchania koti la ngozi, naye akaendelea na safari yake kama mtu aliyepigwa kumbo sokoni.

Isabela akampigia Walter. "Nimemchania nguo tu! Baba Dorothy, mimi fundi cherehani, kuchana nguo naweza hata bila mtego!"

Upande wa pili Walter alicheka mpaka simu ikaanguka. Alipoiokota akamwambia ajaribu kioo. Basi Isabela akawatuma watu wake wazoe mchanga, akawasha tanuri, akaunda misumeno ya kioo cha kijani, mizuri hata ikamuuma kuitia njiani. Ile ilikata kweli. Lakini alipoonja kukata akataka chuma cha pua, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Chuma cha pua kinataka madini ya chuma, kinataka mkaa, kinataka jiwe la chokaa, na kila hatua ina tanuri lake. Ukikosa kimoja, mafundi wanakaa wanakunywa. Isabela alikesha kwa mawazo. Alikata misitu. Alichimba chini mpaka akagonga ziwa la giza akatoka mbio. Siku msumeno wa kwanza wa chuma cha pua ulipotoka karakanani aliinuka kwenye kiti, akacheza hatua chache za ngoma katikati ya duka, na mama aliyekuwa anapimwa blauzi akacheza naye bila kujua wanasherehekea nini.

Halafu mfua vyuma wake akapagawa. Ndivyo mchezo ule ulivyo: mara moja moja fundi mmoja anapatwa na jambo, anateka karakana, hataki kusemeshwa, anadai vitu. Huyu alidai chuma, alidai ngozi, alidai mifupa ya ng'ombe. Isabela alimpa vyote huku roho juu, maana fundi wa namna hiyo akikosa anachotaka anarukwa na akili moja kwa moja. Akajifungia. Alipotoka alikuwa amebeba msumeno ambao haujapata kuonekana, umepambwa kwa mifupa, una jina lake wenyewe, na juu yake imechongwa picha. Isabela akasoma maelezo ya ile picha. Ilikuwa picha ya msumeno wenyewe.

"Una picha yake!" alipiga kelele kwenye simu. "Msumeno una picha ya msumeno!"

"Na ndani ya picha?" Walter akauliza.

"Sijui! Labda na kwenyewe kuna msumeno!"

Kufikia hapo walikuwa wakipigiana kila siku. Isabela hakujua kusema polepole kwenye simu, na mbele ya duka lake, kwenye kivuli cha kibaraza, ndipo Mama Bernard alipokuwa na meza ya dagaa na karanga. Mama Bernard alikuwa mjane mnene, mwema, mwenye masikio. Asubuhi moja ya Jumamosi alikuwa akipanga mafungu yake akasikia kupitia dirishani:

"Wawili nimewakata miguu, mmoja nimemgawa katikati. Hapana, hawakupiga kelele sana. Vichwa? Viko nje bado. Nitawatuma watu wakavikusanye mchana, nina sehemu ya kuvitupia... Ndiyo, damu mpaka mlangoni, lakini itaoshwa."

Mafungu ya dagaa yakabaki nusu. Mama Bernard alivuka barabara kwa mwendo ambao hatukuwa tumemwona nao tangu harusi ya mwanawe, akaenda moja kwa moja kwa Padri Joel. Sisi tuliokuwa jirani tuliona tu Padri anakuja na kanzu yake, uso mzito, na Mama Bernard nyuma yake ameshika mwiko wa kukaangia karanga.

"Shikamoo, Padri," Isabela akasema, mkanda wa kupimia shingoni.

"Marahaba, binti yangu." Padri akakohoa. Akatazama sakafu ya duka, akatazama pembe zote. "Nimeletewa neno. Nimeona bora nikuulize wewe mwenyewe. Isabela, ni kweli... unakata watu?"

"Watu? Hapana, Padri! Mazimwi."

Mama Bernard akaguna kwa hofu, akauinua mwiko. Isabela akamtazama, akautazama mwiko, na ghafla akaelewa. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kila alipotaka kueleza alimwona Mama Bernard na ule mwiko, akaanza upya. Mwishowe aligeuza tu ile laptopu, akawavutia viti.

Padri Joel alikuwa mtu wa kutaka kujua. Aliingia kwa wasiwasi, lakini baada ya muda mfupi alikuwa ameinama, pua karibu na skrini. Akaonyeshwa mashamba ya chini ya ardhi. Akaonyeshwa kisima cha ndani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana hapa kwetu juu maji si jambo la mchezo. Akaonyeshwa kiwanda cha pombe, mapipa yamejipanga.

"Na kanisa lao liko wapi?" akauliza.

Isabela akasogeza picha juu, akaisogeza chini.

"Ngome yote hii, Isabela. Pombe ina ukumbi wake, hata takataka zina chumba. Kanisa hakuna?"

"Nilikuwa... na misumeno, Padri."

"Mjukuu wa katekista!" Padri akasema, nasi tuliokuwa tumejaa mlangoni tukacheka, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Isabela akaona aibu ya kweli. Papo hapo akawaamuru wafupi wake wachimbe ukumbi mkubwa wa sala, na Padri akawa anaelekeza: madhabahu huku, mlango mpana, nguzo mbili. Walikuwa wanabishana juu ya nguzo pale maandishi yalipotokea katikati ya skrini, na pembeni mwa picha kukajaa rangi ya kijani.

Jeshi. Si wezi wachache tena. Jeshi zima la mazimwi, na kati yake majitu ya kutisha yanayovunja milango, na mbele yao mkuu wao amepanda mnyama asiyeeleweka.

"Haya," Isabela akasema, akakunja mikono ya blauzi. "Haya, karibuni."

Umeme ukakatika.

Laptopu ikazima hapo hapo, kwa kuwa betri yake ilikuwa haishiki tena chaji. Duka zima likapiga yowe. Isabela alichukua simu.

"Baba Dorothy! Jeshi liko mlangoni na umeme umekata!"

"Usihofu," Walter akasema. "Wanapofika wazingiraji, mchezo unajihifadhi wenyewe. Wako palepale. Usiguse kitu. Nakuja."

Nani angeondoka? Mama Bernard aliuza karanga zote alizokuwa nazo, akakaanga nyingine. Padri alisema anakwenda kumwona mgonjwa, akaenda kweli, na akarudi. Watu walioingia dukani kuchukua nguo walielezwa hali ilivyo, wakatafuta pa kukaa. Kila mmoja alikuwa na ushauri. Mama Bernard, ambaye asubuhi alitaka Isabela afungwe kamba, sasa aliuliza maswali makali kuhusu upana wa ile njia.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea tuliposikia pikipiki inapanda mtaa. Walter alikuwa mwekundu wa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, na nyuma yake amefunga betri la gari na inveta kwa mipira ya baiskeli. Tulimpokea kwa vigelegele. Yeye na Isabela walikuwa wameonana mara mbili tu maishani, na zote mbili Masasi. Walisimama wakitazamana katikati ya kelele ile.

"Umekuja," Isabela akasema.

"Ningeacha kuja?" Walter akasema, akapiga chafya ya vumbi, akaenda kuunganisha nyaya.

Skrini ikawaka. Jeshi lilikuwa palepale. Isabela akaachia muda uende.

Yalikuja yakikimbia, yakamiminika kwenye ile njia nyembamba. Mtego wa kwanza, wa misumeno ya kioo, ukafyatuka, na zimwi la mbele likawa vipande kabla hatujamaliza kuvuta pumzi. Duka likalipuka. La pili, la tatu. Kwenye kona yakakutana na miiba inayochomoza sakafuni, ambayo huinuliwa na kushushwa kwa mpini uliofungwa ndani ya ngome. Isabela alimpa Padri Joel kazi ya kuamuru mpini uvutwe.

"Vuta, Padri!" tukapiga kelele.

"Mungu anisamehe," Padri akasema, akabonyeza.

"Tena!"

"Anisamehe tena!" Naye akabonyeza, kofia imemteleza hadi kisogoni, jasho linamtoka.

Chuma cha pua kilifanya kazi yake vizuri hata Isabela akaanza kuimba. Kisha kikaja kile alichokuwa akikiogopa. Jitu kubwa lilikanyaga mtego wa kati, likafa, na mzoga wake ukakwama kati ya meno ya misumeno. Mtambo ukagoma. Mtego uliokwama haufyatuki tena mpaka fundi aende akauondoe mzoga kwa mikono yake, na mazimwi yaliyobaki yalikuwa yanakuja. Kabla Isabela hajasema neno, tulimwona mfupi mmoja anatoka mbio ndani ya ngome. Wafupi wa mchezo ule wana bidii ya kijinga. Wakiona kazi wanaifuata hata ikiwa mdomoni mwa simba.

"Nikolao!" Isabela akalia. "Nikolao, rudi!"

"Nani huyo?" mtu akauliza.

"Nikolao wa Pili! Wa kwanza alikufa kitandani!" Mama Bernard akajibu kwa uchungu kana kwamba ni ndugu yake.

Nikolao wa Pili akafika kwenye mtego. Akaanza kuvuta mzoga. Zimwi likatokea kwenye kona. Mama Bernard akafunika macho kwa mwiko. Padri akabonyeza mpini bila kuambiwa, miiba ikachomoza, zimwi likakwama kwa kitambo kidogo tu, na katika kitambo kile mzoga ukatoka, Nikolao akageuka, akakimbia kwa vile vimiguu vyake, na mtego nyuma yake ukawa hai. Zimwi likaukanyaga. Hatukuona hata lilivyokwenda. Tuliona tu Nikolao akiingia mlangoni, mzima, na moja kwa moja akaenda kunywa pombe.

Nakwambia watu walikumbatiana. Watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana.

Mtego wa mwisho ulikuwa na ule msumeno wenye picha yake. Uliyakata yaliyobaki kwa namna iliyomfanya Padri ageuze uso. Lakini mkuu wa mazimwi, sijui kwa bahati gani, alipenya kwa miguu, mnyama wake amebaki mtegoni. Alipita penye misumeno akiwa na mikwaruzo tu, akaufikia mlango, akaingia ukumbini. Kwa tulivyojua, hapakuwa na mtego mwingine kati yake na vitanda vya watu. Walter aliufahamu mpango wote wa ngome ile kwa simu, na alishika kichwa.

Mkuu wa mazimwi akapiga hatua moja ukumbini, na kikasikika kishindo. Akatoweka. Mahali pake pakawa na kizimba cha mbao, na yeye ndani yake, mzima mzima, hajachubuka zaidi.

Kelele zilikuwa nyingi, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu nao, nikasikia.

"Ulisema hutaki vizimba," Walter akasema polepole.

"Nilisema."

"Ulisema hufugi mazimwi."

"Niliviweka baada ya ile siku ya wali na mbaazi," Isabela akasema, macho kwenye skrini, masikio yamemwiva kwa aibu. "Mstari mzima. Sikutaka ujue."

Walter akainamia betri lake. Akalifuta vumbi mahali alipokwisha kulifuta. Watu walipoanza kutoka, wakiimba, wakimbeba Padri kwa sifa, yeye alibaki akikunja nyaya taratibu kuliko inavyohitajika.

"Dada Isabela," akasema mwishowe. "Mimi si hodari wa kusema."

"Ile siku ya boksi ulisema mpaka wali ukapoa."

"Ile ilikuwa mitego." Akakunjua waya aliokwisha kuukunja, akaukunja upya. "Napenda tukibishana. Nikikata simu naona kama redio imezimwa nyumbani kote. Sasa nilikuwa nawaza kama tungeweza kubishana kila siku, bila simu. Kama hutaki, sema tu, nitapakia betri langu niondoke, na ushauri wa vizimba nitaendelea kukupa bure."

Isabela akacheka, akaacha, akacheka tena. "Mwulize kaka yangu Charles, yuko Chiwata," akasema. "Ila ukifika, usianze na mazimwi."

Walter alikwenda Chiwata Jumapili iliyofuata na akaanza na mazimwi. Hakuweza kujizuia. Charles, mkulima wa korosho asiyecheka hovyo, alisikiliza habari ya Nikolao na mzoga hadi mwisho, akauliza kama kijana alipona, na alipoambiwa amepona akasema basi hakuna neno, lete washenga.

Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani wiki tatu mfululizo, na Padri Joel alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Mama Bernard aligeuka akatutazama wote kwa jicho ambalo lilifunga midomo. Isabela alijishonea gauni mwenyewe, kitenge cha kijani kama ile misumeno ya kioo, mikono imechongoka kama meno ya msumeno, na mafundi wenzake wanaliiga mpaka leo bila kujua limetoka wapi. Dorothy alitoka Mtwara na wenzake wa chuo, akacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Padri alihubiri vizuri tu, hadi alipofika mahali pa kusema jinsi ya kulinda nyumba, mabega yakaanza kumtikisika, na kanisa zima likaangua kicheko pamoja naye.

Walter amehamisha kibanda chake hapa juu. Nusu ya duka ni cherehani, nusu ni redio na simu, na katikati iko meza yenye laptopu mbili. Kazi za watu hazicheleweshwi siku hizi, au hazicheleweshwi sana. Jioni kabla ya kufunga, wale wawili hukaa bega kwa bega, na Mama Bernard huvuta kigoda chake ndani.

Juzi nilipita kuchukua suruali yangu nikawakuta wamesimama wote watatu. Walikuwa wameanza ngome mpya kwenye nchi ya nyika, na asubuhi ile, badala ya adui, mtego umenasa tembo. Tena wawili.

"Dume na jike," Walter akasema.

"Wanafugika?" Isabela akauliza.

"Wanafugika."

"Na wakizaa?" Mama Bernard akasema. "Mmewaza wakizaa?"

Isabela alikuwa ameshaketi, mkanda wa kupimia umemning'inia shingoni, anachimba zizi la tembo kwa kasi hata Walter akamsihi aache kwanza mahali pa mlango.